Wageni wa Funzi: Tuwahesabu, Tusiwafukuze



Ndugu zangu katika imani, na akina mama hasa, kusi imeanza kulegea, na Funzi imepokea wageni wake. Maji yakitoka, kwenye matope ya mikoko karibu na mlango wa mto Ramisi, utamwona sululu mwenye mdomo uliopinda, na vitwitwi waliotoka mbali hata Siberia wakiikimbia baridi. Yupo pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mlaji kaa. Huyu huzaliwa pwani za Oman na Ghuba, ndani ya shimo la mchanga. Mama hutaga yai moja tu. Kinda husafiri na wazazi wake, na hata akishafika kwetu bado humwomba mzazi chakula, naye hulishwa.

Qur'ani Tukufu, Surat Al-An'aam aya ya 38, yatufunza kuwa ndege nao ni umma mfano wetu. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (s.a.w.) aliamuru ndege arudishiwe makinda aliyonyang'anywa. Nami nakiri: nilipokuwa mwanafunzi wa chuoni, niliwarushia mawe ndege hawa walipokuwa wamejikusanya funguni kupumzika, maji yamejaa. Sikujua kwamba kila watimuliwapo hupoteza nguvu wanazozihitaji kwa safari ya kurudi.

Leo sisi wazee twasema, "Zamani walikuwa wengi." Wangapi? Mwezi gani? Hatuna jawabu, kwa kuwa hatukuandika. Wanavyuoni wetu walihifadhi hadithi kwa sanadi, kila neno na aliyelipokea. Sisi twatoa ushahidi usio na tarehe wala idadi.

Basi, mama, mpe mwanao daftari, awe wa kike au wa kiume. Aandike tarehe, saa, mahali, upepo, hali ya maji, kama ni bamvua au maji mafu, na idadi aliyoiona kwa macho yake. Ndege asiyemjua amweleze umbo na rangi, asimbunie jina. Siku asipoona kitu, aandike vilevile: hakuna. Na asimame mbali, asiwashtue. Aendelee hivyo mpaka Aprili, waanzapo kurejea kwao, kisha daftari lihifadhiwe nyumbani. Wajukuu wetu watakapouliza, wapate jawabu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenyeji wema na mashahidi wa kweli. Amin.