Kukagua si Kumtukana Muuzaji



Likelemba yetu ilipotimia, tulinunua gari la teksi kutoka kwa mtu tuliyemheshimu. Fundi wetu alitaka kulikagua kwanza. Sisi tukaona haya, tukidhani kwamba kukagua mali ya mkubwa ni kumvunjia heshima. Baada ya wiki 3 injini ilikufa. Akiba ya watu 12, ambayo wengine walikuwa wameitenga kwa ada ya shule ya wadogo wao, ikapotea.

Tangu siku ile tunashika neno moja: kuaminiana si kufumba macho. Muuzaji mwaminifu hapungukiwi kitu akikaguliwa. Mwenye kuficha ndiye anayechukia macho ya fundi. Akikataa, tuondoke, hata bei ikiwa tamu.

Tuliangalie gari asubuhi, injini ikiwa bado baridi, kwa maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wake wa kuwaka. Oili yenye rangi ya maziwa huonyesha kwamba maji yameingia ndani yake. Moshi wa buluu huonyesha kwamba injini inaunguza oili. Tairi zilizolika upande mmoja zatutaka tuchunguze chini ya gari. Kipimo cha kilomita huweza kurudishwa nyuma, lakini pedali zilizochakaa hutoa ushuhuda wake. Namba ya chasi ilingane na ile ya karatasi, na fedha zitolewe kwa maandishi, mbele ya mashahidi.

Tena, magari mengi yanayotufikia huku mashariki ya Kongo yalitumika kwanza Japani, ambako magari hupita kushoto. Usukani wake uko kuume, nasi twapita kuume: dereva akitaka kulipita lori, haoni mbele mpaka gari lake limekwisha kujitokeza barabarani. Taa zake nazo, zisiporekebishwa, huwapiga machoni wanaokuja. Gharama ya kuzirekebisha tuihesabu pamoja na bei, kwani abiria tutakaowabeba hawakuwapo tulipokuwa tukipatana.

Siku moja nasi tutauza. Atakayenunua kwetu huenda naye ametumwa na likelemba yake. Tumwambie kasoro kabla hajauliza; na akija na fundi, tumfungulie kifuniko cha injini bila kununa.