Tukimbie kwa Mwendo wa Mshika Mkia

Ndugu zangu wa Mbagala, Tandika, Tandale, Kigogo, Gongo la Mboto na kote ambako Jumapili alfajiri mnasikia filimbi na vishindo vya miguu vikipita dirishani, kisha mnavuta shuka: maneno haya ni yenu. Wanaopita hapo nje ni majirani zenu. Yumo fundi seremala, yumo muuza chipsi, mwalimu wa darasa la tatu, dereva wa bajaji, na mama mwenye genge la nyanya mtaa wa pili. Bingwa hayumo. Nawaomba Jumapili ijayo mtoke mkae nao mstarini. Na kama mtaani kwenu hakuna kikundi, nawaomba mkianzishe.

Dar es Salaam ina utamaduni wa jogingi ambao hatujaupa heshima yake. Hatukuletewa na mtu. Mizizi yake ni mchakamchaka wa shule ya msingi na wa kambi za JKT. Watu wamekua, wamepata kazi, wamepata vitambi, lakini wimbo ukianzishwa miguu inakumbuka yenyewe. Vikundi hivi vimekuwa zaidi ya mazoezi. Mwanachama akifiwa, rambirambi inatoka kwenye kikundi na jeneza linabebwa na wale wale anaokimbia nao. Wanachangia damu, wanazibua mitaro, wanaalikana: Jumapili moja Temeke wanakodi daladala kwenda kwa wenzao wa Kinondoni, mwezi unaofuata wanarudishiwa ugeni. Mtu aliyehamia mjini juzi, asiye na shangazi wala mjomba hapa, anaweza kupata ndugu arobaini kwa asubuhi moja ya jasho.

Sasa tazameni upande wa pili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliopima watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban 26 katika kila 100 wana shinikizo la juu la damu, na 9 wana kisukari. Hesabu hizo zina umri, na tangu wakati huo hatukuongeza kutembea, tuliongeza bodaboda. Safari ya sokoni ambayo zamani ilikuwa ya miguu, leo ni ya shilingi elfu moja mgongoni mwa pikipiki. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 kwa wiki angalau. Saa moja ya Jumapili haitimizi zote, nakubali. Lakini nimeona kinachofuata: anayekimbia Jumapili na jirani yake hukubaliana naye watoke tena Jumatano jioni, wawili tu, bila filimbi. Asiyekimbia Jumapili hana wa kukubaliana naye.

Mtaniambia: mbona marathoni zimejaa? Kweli zimejaa. Siku hizi karibu kila wikiendi kuna benki, kampuni au taasisi yenye mbio zake, na nyingi zinachangisha fedha kwa mambo ya maana. Sizipingi. Ila kuna ada, kuna safari, na kuna watu wanaokimbia mara mbili kwa mwaka, wakapiga picha na medali, kisha raba zikalala chini ya kitanda hadi tangazo lingine. Mwili hauhifadhi mbio za Februari kwa ajili ya Agosti. Pale Daraja la Tanzanite na Coco Beach utawakuta pia wenzetu wenye saa za kupima mapigo ya moyo, na hongera zao, lakini mkazi wa Chamazi hawezi kuunganisha daladala ili akakimbie kwenye upepo wa bahari. Mbio zinapaswa kuanza mahali anapoweza kufika kwa miguu akiwa bado na usingizi machoni.

Serikali nayo ilijaribu. Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Wazo zuri. Kwa maoni yangu tatizo ni kwamba mara moja kwa mwezi ni rahisi kusahau: ukikosa moja kwa sababu ya harusi, umepotea siku sitini. Cha kila wiki hakihitaji tangazo. Watu wanajua tu kwamba leo ni Jumapili.

Jambo ninalotaka kulisimamia ni mwendo. Wengi hawaji kwa sababu wanaogopa kuachwa. Mtu ana kilo tisini, ana miaka hamsini na mbili, anajiona akihema peke yake kwenye barabara ya vumbi huku vijana wametokomea, na watoto wanamcheka. Hofu hiyo ni ya kweli, na tiba yake tunayo sisi wenyewe kwenye nyimbo zetu.

Tazameni kikundi kinachoongozwa vizuri. Mwanzishaji wa wimbo hakai mbele. Anakimbia pembeni, usawa wa katikati ya mistari, filimbi shingoni, uso ameugeuzia watu. Anatupa mstari mmoja mfupi, kundi linaitikia, na kila silabi ya kiitikio inaangukia mguu. Sikio lake haliko kwenye wimbo, liko kwenye sauti za nyuma. Kiitikio kikiwa kimejaa, anaongeza kidogo. Kikianza kupungua, neno la mwisho likawa linamezwa na mihemo, anapunguza mwendo bila kumtaja mtu, pengine anabadilisha wimbo akaleta wa taratibu. Hakuna aliyeaibika na hakuna aliyeachwa. Nawe ukiwa ndani ya mstari una kipimo chako: ukiweza kuitikia kiitikio kizima uko salama, ukianza kudonoadonoa maneno, rudi nyuma mstari mmoja. Saa ya mkononi ya bei mbaya haikwambii zaidi ya hapo.

Uingereza kuna mbio za bure za kilomita 5 ziitwazo parkrun, zilizoanza Oktoba 2, 2004 kwenye bustani ya Bushy Park, London, zikiwa na wakimbiaji 13. Leo ziko katika nchi nyingi, Afrika Kusini ikiwemo, kila Jumamosi, mahali pale pale, saa ile ile, zikiendeshwa na watu wa kujitolea. Wana utaratibu mmoja ambao ningependa tuuchukue bila kuona haya: mtu mmoja wa kujitolea hupangiwa kuwa wa mwisho. Hata mshiriki atembee vipi, nyuma yake yupo mwenye zamu. Sisi tuwe na mshika mkia wa zamu. Apewe fulana ya rangi inayong'aa, apewe chupa ya maji na simu yenye salio, na asiwe mtu dhaifu aliyesukumiwa huko, bali mmoja wa wenye pumzi, anayeweza kukimbia mbele lakini wiki hii kazi yake ni kuongea na mgeni. Mimi kikundini kwetu naipenda zamu hiyo kuliko kupeperusha bendera. Huko mkiani ndiko unakojua nani kaachishwa kazi na nani mwanawe kafaulu.

Kuna mambo tunayowafukuzia watu sisi wenyewe, na tuyaseme. La kwanza ni nyimbo za matusi. Baadhi ya vikundi vimezoea kuimba maneno ambayo mama hawezi kuyaitikia akiwa na binti yake pembeni, kisha vinashangaa mbona wanawake hawaji. Nyimbo safi tunazo tele, na kutunga nyingine kuhusu mtaro wa mtaa usiozibuliwa hakumshindi mtu. La pili ni kelele. Ukipita hospitali, ukipita nyumba yenye turubai la msiba, ukipita msikitini watu wako kwenye swala au kanisani misa ya kwanza imeanza, filimbi ishuke na kundi lipite kimya. La tatu ni bonanza linalogeuka kilabu cha pombe saa 3 asubuhi. Mtu mzima ana hiari yake, lakini asitumie fulana ya kikundi.

Dada zetu wanahitaji zaidi ya hapo. Saa 11 alfajiri kuna giza, na kichochoro cha kutokea nyumbani ndicho chenye hatari, siyo barabara yenye watu sitini. Basi kikundi kipite kuwakusanya: watu watatu wanne waanzie mwisho wa mtaa, waje wakigonga hodi, hadi kituoni. Wala hakuna vazi maalumu. Anayevaa suruali na avae, anayevaa dera na hijabu akimbie na dera lake, anayetaka kujifunga khanga kiunoni ajifunge. Mwenye presha, kisukari au ujauzito apite zahanati kwanza kuuliza, na ajitambulishe kwa mshika mkia. Anayesikia maumivu ya kifua asimame hapo hapo, asijikaze kisabuni.

Viatu visiwe kisingizio. Pale Karume kwenye mitumba raba nzuri zipo, ila msichague kwa rangi. Ishikeni raba kwa mikono miwili muipinde: ipindike penye vidole, si katikati ya wayo. Bonyezeni kisigino kwa dole gumba. Kikiwa kigumu kama jiwe, au kimelika upande mmoja, rudisha. Ingiza mkono ndani usikie kama kuna mshono utakaokuchubua. Ikiwa imegundishwa upya, gundi mpya inang'aa ukingoni mwa soli, nayo itafunguka mvua ya kwanza ya masika.

Barabara ni jambo la uhai. Wakimbiaji wa vikundi wamegongwa na magari wakiwa mazoezini nchini mwetu, na wengine hawakurudi nyumbani. Mistari isizidi miwili. Mbele awepo mwenye kibendera chekundu, nyuma ya mshika mkia iwepo bodaboda au bajaji ya mwanachama imewasha taa za tahadhari. Barabara kuu kama Kilwa au Mandela tuvuke tu, tusizifanye uwanja. Njia yenu iandikwe kwenye karatasi moja, nakala ipelekwe serikali ya mtaa na nyingine kituo cha polisi kilicho karibu, ili hata dharura ikitokea ijulikane mko wapi. Nanyi madereva wa daladala mnaowahi abiria wa Jumapili, tunaomba dakika mbili zenu. Kondakta wenu pengine yumo humo mstarini.

Kwa manispaa, TARURA na askari wa usalama barabarani tuna ombi ambalo halihitaji bajeti kubwa. Kigali walianza mwaka 2016 kufunga baadhi ya barabara kwa magari Jumapili asubuhi ili watu wakimbie, watembee na kuendesha baiskeli, na sasa wanafanya hivyo mara mbili kwa mwezi. Sisi tunaomba kipande cha kilomita moja tu katika kila kata, kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi. Vizuizi viwili na askari mmoja kila upande. Na viwanja vya wazi vilivyobaki, kama Mwembeyanga, vilindwe visimezwe na fremu za maduka, maana hapo ndipo tunaponyoosha viungo.

Wanasiasa nao watakuja, hasa uchaguzi ukinukia. Watakuja na fulana, maji ya katoni na hotuba. Wakaribisheni wakimbie. Lakini fulana za bure zina mwenyewe, na kikundi kilichovalishwa na mtu mmoja hupasuka siku mtu huyo anapogombana na mwingine. Afadhali fulana za rangi tofauti tulizojinunulia, na daftari la michango linalosomwa mbele ya watu wote.

Septemba 2025, kule Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48. Aliyemfuata aliandikiwa muda huo huo. Picha ya mstarini ndiyo iliyoamua, tofauti sehemu tatu za mia za sekunde. Mitaa yetu ilipiga kelele za furaha, na ilistahili. Ila yule aliyeruka juu ya kiti siku ile akishangilia, ndiye anayepanda bodaboda kwenda kununua vocha. Simbu hatuwezi kumfikia. Kituo cha daladala tunaweza.

Basi Jumapili hii ianze kwa udogo. Tafuteni watu wanane. Chagueni mahali ambapo kila mtu anapajua, chini ya mwembe, mbele ya ofisi ya mtaa, kwenye geti la shule, na saa isiyobadilika: 12 kamili asubuhi, mvua ikinyesha mkutane tu mkatembee. Pasheni misuli dakika kumi. Kimbieni kilomita mbili, msiongeze hata mkitamani, maana maumivu ya Jumatatu ndiyo yatakayoamua kama mtu atarudi Jumapili nyingine. Kabla ya kutawanyika kwenye supu na chapati, mpangeni mshika mkia wa wiki ijayo kwa jina, na kila mmoja akubali kuja na jirani mmoja. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa mfuateni nyumbani kwake Jumamosi jioni, mkamgongee tena alfajiri. Siku mtu akiuliza nani kawaruhusu kuzuia njia, mwonesheni yule mzee wa mstari wa pili, mwenye fulana iliyolowa, ajibu mwenyewe pumzi zikimrudia.