Nawa mikono, kwa maji yapi?

Jamani, hebu tuambizane ukweli. Mwaka 2009 mafua ya nguruwe yalipotangazwa kuwa janga la dunia, huku mjini mjadala ulikuwa kitimoto: tule, tusile? Kana kwamba nyama iliyoiva ndiyo inayopiga chafya! Wakubwa nao wakahimiza: nawa mikono kwa sabuni na maji tiririka.

Sawa. Newala je? Kule juu ya uwanda wa Makonde maji husukumwa kwa pampu kutoka bondeni. Pampu ikigoma, mtu ananunua kwa ndoo au anatunza ya mvua. Mwenye ndoo moja anywe, apike au anawe?

Na si jambo geni. Mwaka 1952 na 1953 homa iliwakunja watu wa Newala na Masasi mpaka ikapewa jina la Kimakonde, chikungunya. Watafiti walikuta mbu wanazaliana kwenye maji yaliyowekwa akiba majumbani. Dunia ikalichukua jina. Habari ya maji wanaikumbuka wachache.

Corona ilipoingia 2020, tangazo likawa lile lile. Sabuni siipingi. Ninachopinga ni kuchapisha mabango kabla ya kutengeneza pampu.