Mchambuzi tuliyemfukuza bandani

Nimepotea kidogo, mnisamehe. Wiki mbili hizi ni tesiti juu ya tesiti, bumu halijaingia, na chumbani tunashindia mkate na chai ya rangi kama tuko safarini. Asaimenti ipo mezani inaniangalia, lakini leo lazima niandike, maana jana usiku nimegombana na rumeti wangu na mpaka sasa kifua kinachemka.

Ugomvi wenyewe ni wa gemu. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Kuna gemu moja watu wamelisubiri miaka na miaka, mwendelezo wa lile lililotuharibia shule enzi hizo. Jina silitaji makusudi, maana mkiliona tu mtagawanyika timu mbili kabla hamjafika aya ya tano. Sasa mchambuzi mmoja huko Ulaya kaitwa na watengenezaji, kakalishwa mbele ya mashine saa chache, kalicheza kabla halijatoka, halafu kaandika alichokiona. Kasema picha ni nzuri, ila mwendo mzito na kazi unazopewa zinajirudia. Basi. Hakumtukana mtu mama yake.

Weee! Rumeti kasoma pale kitandani, karuka kama kaona nyoka. "Huyu kanunuliwa! Huyu hajui gemu! Gemu lenyewe halijaisha, yeye anasema nini?" Dakika tano nyingi, nusu ya korido ilikuwa chumbani kwetu, kila mtu ana mshipa shingoni. Nikahesabu vichwa: tulikuwa tisa. Aliyeligusa hilo gemu: sifuri. Mwenye mashine ya kulichezea: sifuri pia. Watu tisa wasio na kitu wanamtetea tajiri mwenye kitu dhidi ya mtu pekee aliyekishika.

Mimi nilinyamaza kwanza. Si kwamba nina busara, hapana. Nilinyamaza kwa sababu maneno yale yale, neno kwa neno, niliwahi kuyasema mimi, kwa sauti kubwa kuliko ya rumeti, nyumbani Makorora mwaka 2021. Na kuna mtu aliyalipia.

Wasioijua Makorora, ni kwetu Tanga mjini, uswahilini, mtaa wa baiskeli na kelele za mpira. Mimi nilikuwa kidato cha nne, na kituo changu baada ya shule kilikuwa banda la gemu la jamaa mmoja tuliyemwita Ami, mtaa mzima tulimwita hivyo. Chumba kimoja, mabenchi mawili, pleisteshen 3 tatu, feni moja inayolia kuliko watu. Mechi moja shilingi mia tatu, ukifungwa unanyanyuka. Gemu lilikuwa moja tu, PES 2018, la mwisho la PES kutoka kwa ajili ya PS3. Kwetu hakuna aliyesema "twende tukacheze mpira wa gemu". Tulisema "twende PES", imeisha hiyo.

Mnaofuatilia mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mwaka 2020 Konami hawakuleta gemu jipya kabisa. Walitoa PES 2021, lile la mwaka uliotangulia likiwa na wachezaji na jezi mpya tu, wakasema nguvu wameziweka kwenye linalokuja. Kwa hiyo watu wakasubiri. Mwezi wa sita 2021 wakaachia nakala ya majaribio, ya kucheza kwa mtandao tu, timu nne, wakasema wazi kwamba siyo gemu lililokamilika. Mwezi wa saba wakatangaza jina: PES limekufa, sasa linaitwa eFootball, na ni la bure.

La bure! Hilo neno lilifika Makorora kabla ya habari yenyewe.

Sasa kulikuwa na kaka mmoja wa mtaani kwetu, anafanya kazi Dar, alikuja nyumbani Idi ya kuchinja. Yeye ile nakala ya majaribio alikuwa kaicheza Dar kwa rafiki yake mwenye PS4. Akaingia bandani jioni, akatoa salamu, akaulizwa. Akajibu kwa upole kabisa: wachezaji wanageuka kama lori la mchanga, pasi zinachelewa kutoka mguuni, na hajui timu za banda zitakuwepo au hazitakuwepo. Akasema, "Inawezekana watarekebisha, hii ni ya majaribio. Lakini Ami, kama una hela yako ya kununua mashine, subiri itoke kwanza uione."

Tulimfanyaje? Tulimzomea. Mimi ndiye niliyeanza. "Kaka, wewe umetumwa na watu wa FIFA!" Mwingine akadakia kwamba hajui kushika pedi. Mwingine akasema mtu akishakaa Dar anajifanya mjuaji. Tukambatiza jina, Mchambuzi, na tukalitamka kama tusi. Akikatiza tu nje tunaimba: Mchambuziii! Siku ya tatu hakuja tena.

Ami alikuwa anasikiliza tu, anahesabu mia tatu tatu zake. Baadaye akatuuliza sisi wateja wake, "Wanangu, nieleweni. Hili jipya kwenye mashine zangu haliingii. Nifanyeje?" Tukamjibu kwa pamoja kama kwaya: nunua PS4, Ami, gemu lenyewe la bure, hununui hata diski, mtaa mzima utahamia kwako. Akauza PS3 mbili kati ya tatu, akaongezea hela aliyopokea kwenye mchezo wa kupeana, akanunua PS4 moja iliyotumika.

Tarehe 30 Septemba 2021 gemu likatoka. Yaliyofuata dunia nzima inayajua. Timu za kuchezea zilikuwa tisa tu. Sura za wachezaji zikawa kichekesho kwenye simu za watu. Kwenye Steam, pale watu wa kompyuta wanapopigia magemu kura, likaporomoka mpaka likawa lenye maoni mabaya kuliko yote yaliyokuwepo. Siku iliyofuata Konami wenyewe wakaomba radhi. Toleo walilolihesabu kuwa kamili, 1.0, lilikuja Aprili 2022.

Bandani? Watu walicheza wiki moja ya kushangaa, halafu wakataka timu zao, wakataka ligi, wakataka PES yao. PS3 imebaki moja, foleni mpaka nje, wengine wakahamia banda la mtaa wa pili. Ami akaenda kutafuta diski ya PES 2021 iliyotumika ili ile PS4 isikae bure. Yaani gemu la bure likaishia kumgharimu mashine mbili na diski.

Nasema wazi: hapa simlaumu aliyetengeneza gemu. Hakuna aliyetoka Japani akaja Makorora kumwambia Ami auze mashine. Tulimwambia sisi. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote, na nilikuwa sijaliona.

Ndiyo maana jana nilipofungua mdomo sikufunga. Hoja za rumeti wangu zilikuwa tatu, na nazijibu tena hapa kwa utulivu ambao jana sikuwa nao.

Hoja ya kwanza: gemu halijaisha, kwa hiyo mchambuzi asiseme. Sawa. Na trela je? Trela uliyoitazama mara kumi na nne, ukaiweka mpaka kwenye stetasi, ilitoka kwenye gemu lililoisha? Halijaisha pia! Iweje sifa za kitu kisichoisha tuzipokee kwa vigelegele, lakini kasoro za kitu kile kile tuambiwe tusubiri? Chungu kipo jikoni. Kama ruksa kusema kinanukia, basi ruksa pia kusema kinaungua. Au wote tunyamaze mpaka kiive, mimi sina neno.

Hoja ya pili: wachambuzi wananunuliwa. Hii ndiyo wanaipenda sana. Jamani, kununuliwa kupo, sikatai. Lakini fikirini kidogo, mnunuzi ni nani? Anayeuza gemu. Ananunua nini? Sifa! Nani alipe pesa ili asemwe vibaya? Mwaka 2007 huko Marekani mchambuzi wa GameSpot, Jeff Gerstmann, alilipa gemu la Kane & Lynch alama 6 kwa 10, wakati ukurasa wenyewe umejaa matangazo ya gemu hilo hilo. Akafukuzwa kazi. Miaka mitano baadaye, 2012, akaeleza hadharani kwamba shinikizo la watangazaji lilihusika. Sasa niambieni, shinikizo lilisukuma upande gani? Kusifia hakumgharimu mchambuzi kitu. Kukosoa mapema ndiko kunakoweza kumnyima mwaliko, tangazo, hata kazi. Kwa hiyo akitokea mmoja akasema "hapa pana tatizo", huyo ndiye wa kumsikiliza wa kwanza. Simaanishi ni mtume. Nasema kwa sababu hana faida anayoipata kwa kusema hivyo.

Huyo huyo Gerstmann, mwaka mmoja kabla, Novemba 2006, alilipa Zelda: Twilight Princess alama 8.8 kwa 10. Nane nukta nane! Hapa chuoni ukipata hiyo unafanya sherehe. Mashabiki walichachamaa kama kawapa sifuri. Ndipo utajua shabiki anataka nini. Uchambuzi anaouomba ni wa kumpigia makofi kwa jambo alilokwisha kuliamua.

Hoja ya tatu: yeye ni nani? Ni aliyekaa na pedi mkononi, bwana. Mwaka 2020, siku chache kabla Cyberpunk 2077 haijatoka, Kallie Plagge wa GameSpot aliipa 7 kwa 10. Alitukanwa na watu ambao walikuwa hawajaligusa gemu. Tarehe 10 Desemba likatoka, na kwenye PS4 lilikuwa linaganda na kuzimika kiasi kwamba wiki moja tu baadaye Sony wakaliondoa dukani kwao. Lilirudi mwezi wa sita mwaka uliofuata. Waliotukana, sijui kama kuna hata mmoja aliyerudi kuomba samahani.

Ila msinielewe vibaya, sisemi mchambuzi wa mapema akohoe na sisi tuseme amina. Ile Cyberpunk ina somo jingine: wachambuzi walipewa kwanza nakala ya kompyuta peke yake, ya PS4 hawakupewa. Kwa hiyo hata waliosifia kwa moyo mweupe, walisifia kitu ambacho mtu wa PS4 hakukipata. Uchambuzi wa mapema ni kama kuoneshwa chumba cha kupanga saa nne asubuhi siku ya jua. Dari inavuja au haivuji utajuaje? Mwenye nyumba ndiye aliyechagua saa.

Kwa hiyo kabla ya kushangilia au kuzomea, muulize mchambuzi maswali manne. Umecheza kwa saa ngapi? Kwenye mashine gani? Sehemu ya kucheza ulichagua wewe au ulichaguliwa? Na kile ulichokiona kibaya, ni cha kurekebishika kwa wiki mbili au kipo kwenye mifupa ya gemu? Yule kaka wa Makorora alituambia yote hayo bila kuulizwa. Alisema ni ya majaribio. Alisema wanaweza kurekebisha, na baadaye kweli walirekebisha mengi. Hakusema gemu ni takataka. Alisema subiri. Neno moja tu, na lilikuwa sahihi kwa mtu mwenye hela ya mawazo kama Ami.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mtoto wa Ulaya akidanganyika na makelele, anarudisha gemu au anasonya tu, maisha yanaendelea. Kwetu mashine ni mtaji. Ni ada ya mtoto, ni zamu ya mchezo iliyosubiriwa miezi. Mtaani kwetu shabiki akipiga kelele, kuna mtu kando anahesabu hela yake akiamini kelele ile ni ushauri. Sisi tulikuwa tunafanya kazi ya mauzo bila mshahara, na Ami ndiye aliyelipa.

Likizo iliyopita nilipita bandani. Nikamwamkia, "Shikamoo Ami." "Marahaba, mwanachuo." Sasa ana PS4 mbili, taratibu taratibu kajikusanya. Akaniuliza kuhusu hilo hilo gemu ambalo rumeti wangu analililia, watoto wa siku hizi wanamsumbua alitafute. Nikamjibu, "Ami, mimi sijalicheza. Sijui."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye kuhesabu chenji yake. "Sasa umesoma," akasema.

Yule kaka nilimtafuta pia, nikapata namba yake kwa dada yake, nikampigia nikaomba radhi. Alicheka, akasema keshasahau. Nadhani alikuwa ananistahi tu.

Rumeti bado kaninunia, leo chai kanywa peke yake. Haya, nirudi kwenye asaimenti. Mnaotaka kunirarua karibuni, ila anzeni na jibu la swali moja: hilo gemu, wewe umelishika?