Mgonjwa Huyu Aulizwe

Mnamo mwaka 1982, katika jiji la New York, mzee mmoja alimwasili kisheria mwanamume mtu mzima awe mwanawe. Afisa wa ustawi wa jamii alifika nyumbani kwao kukagua kama makazi yanafaa, na mama mzazi wa yule aliyeasiliwa ilimbidi atie saini waraka wa kukiri kwamba, mbele ya sheria, mtoto huyo si wake tena. Hata hivyo, wanaume hao hawakuwa baba na mwana. Walikuwa wapenzi. Sheria ya wakati huo haikuwapa ndoa, na mmoja wao alikuwa mzee. Wakachukua undugu wa karatasi ili siku ya maradhi, na siku ya kifo, mwenzi asihesabiwe kuwa mpita njia.

Mzee huyo alikuwa Bayard Rustin, mratibu mkuu wa Maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963, yaliyokusanya watu wapatao 250,000. Mwaka uliotangulia, 1962, alikuwa Dar es Salaam pamoja na wanaharakati wenzake, wakiunga mkono uhuru wa nchi ambayo leo ni Zambia. Mwenzi wake, Walter Naegle, alikutana naye mwaka 1977. Rustin alikuwa na miaka 65, Naegle 27.

Mnamo Agosti 1987 Rustin alikimbizwa hospitalini kidole tumbo kikiwa kimepasuka. Alifanyiwa upasuaji, moyo ukasimama, akafariki tarehe 24 akiwa na miaka 75. Katika taarifa ya kifo chake, gazeti la New York Times lilimtaja Naegle kuwa msaidizi wake wa kazi na mwanawe wa kuasili. Maneno hayo yalikuwa kweli kisheria, lakini yaliificha kweli iliyo kubwa zaidi: aliyefiwa alikuwa mwenzi wa miaka kumi.

Hata mlango huo mwembamba haukudumu. Mwaka 1984 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ilimkatalia mwanamume wa miaka 57 kumwasili mwenzi wake wa miaka 50, ikisema kuasili si njia ya kuchukua nafasi ya ndoa. Ilipofika Aprili 2010 ndipo Rais Barack Obama alipoagiza hospitali zinazopokea fedha za bima za afya za serikali ziheshimu chaguo la mgonjwa kuhusu nani amtembelee. Ndoa ilifuata mwaka 2011 katika jimbo la New York, na mwaka 2015 katika Marekani nzima.

Funzo la kisa hiki si la mahakama peke yake. Linaihusu zaidi meza ya mapokezi na kitanda cha wodini. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa uji wamesema kweli. Lakini kuhusu mtu wa kumkalia karibu, wa kupewa habari zake na wa kusema kwa niaba yake atakapokuwa hajitambui, mgonjwa lazima aulizwe, tena mapema.

Tatizo huanza kwa kukisia. Muuguzi amwonapo mzee mwenye mvi akisindikizwa na mwanamume wa makamo, hukimbilia kuandika "mwana" au "mpwa". Tofauti ya umri humsaidia kukosea. Kosa hilo huonekana dogo hadi usiku wa dharura, pale anayejua dawa anazotumia mgonjwa, mzio wake na matakwa yake anapobaki nje ya mlango, huku ndugu asiyemwona kwa miaka mingi akitafutwa kwa simu. Wenzi waliopishana sana kwa umri wana uhakika mmoja mchungu: kwa kawaida mdogo ndiye atakayeuguza, na ndiye atakayezika. Huzuni yake ina haki ya kusikika kama ya mjane yeyote.

Wapo watakaosema kwamba pengo kubwa la umri laweza kuficha unyonyaji. Hoja hiyo ni ya haki, na haipaswi kupuuzwa. Kwa mtoto hakuna mjadala: mtu mzima anayemwendea mtoto anamdhulumu, na wajibu wa mhudumu ni kumlinda mtoto. Kwa watu wazima, dawa ya shaka ni kuuliza faraghani, kila mmoja peke yake: je, una hofu nyumbani? Je, unaamua mambo yako mwenyewe? Maswali hayo humfaa pia mke aliyeolewa na mume mwenye umri wa baba yake. Shaka isiyoulizwa hubaki dharau tu.

Wengine watasema kwamba sheria za Tanzania, Kenya na Uganda zinaadhibu mapenzi ya wanaume. Ndivyo ilivyo, na kwa sababu hiyo usiri una uzito mkubwa zaidi. Mhudumu hahitaji kuandika aina ya uhusiano. Jina, namba ya simu na ridhaa ya mgonjwa vyatosha, kwa maneno matatu tu: "mtu wa karibu". Faili lisibebe siri ambayo tiba haiihitaji. Azimio la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani, katika toleo la 2017, linataja umri na mwelekeo wa kijinsia katika orodha moja ya mambo yasiyoruhusiwa kuingia kati ya daktari na wajibu wake.

Kwa mgonjwa naye upo ushauri. Asingoje homa ipande. Akiwa na akili timamu, amtaje mtu wake kwa daktari, na pale sheria inaporuhusu aandike matakwa yake mbele ya mashahidi.

Mwaka 2013 Rustin alitunukiwa Medali ya Rais ya Uhuru, miaka 26 baada ya kufariki. Aliyesimama Ikulu ya Marekani kuipokea alikuwa Walter Naegle, na safari hii alitambulishwa kuwa mwenzi wake. Kwa mgonjwa aliye wodini leo, miaka 26 ni mingi mno. Swali moja la upole siku ya kulazwa lingemtosha.