Kupanda Mlima kwa Mtambo

Siku hizi umezuka mchezo mpya wa utalii, nao ni wa kupanda milima kwa pikipiki ya magurudumu manne, ambayo wengi huiita kwadi. Mgeni hulipa ada, huvikwa helmeti, huonyeshwa kwa dakika chache namna ya kusukuma gesi kwa kidole gumba na kushika breki, kisha hujipanga na wenzake nyuma ya kiongozi, na msafara huondoka kwa kishindo na vumbi kuelekea mlimani. Mchezo huu umekwisha kuzoeleka pwani yetu na katika sehemu kadha wa kadha za Bonde la Ufa. Sasa wapo wanaotaka uletwe huku kwetu, katika vilima vya Homa na Gwassi, na hata kandokando ya maboma ya mawe ya Migori. Mimi naupinga, na naupinga mbele yenu ninyi wanafunzi, kwa kuwa vilima hivi vitakuwa mikononi mwenu wakati sisi tutakapokuwa tumekwisha kustaafu.

Aliyenisukuma kushika kalamu ni kijana niliyemfundisha mwenyewe. Alinijia nyumbani jioni moja na karatasi ya hesabu iliyoandikwa kwa mwandiko safi, maana alikuwa na mwandiko safi tangu darasani. Alikuwa ameorodhesha bei ya mitambo minne, riba ya mkopo, gharama ya petroli, na ada atakayotoza kila mgeni. Akaniambia, "Mwalimu, nakuomba unidhamini. Vilima vipo, wageni watakuja, kazi hakuna." Nilimwomba anipe siku chache za kufikiri. Si jambo dogo kumnyima kijana wa aina hiyo sahihi yako, na aliyasema maneno ya haki: kazi ni haba kweli. Basi yafuatayo ndiyo niliyoyafikiri, na msomaji ataamua kama nilifikiri sawasawa.

Nianze kwa kukiri kwamba nimewahi kupanda mtambo huo. Likizo moja tulikwenda walimu sita katika milima ya Bonde la Ufa, mahali nisipopataja, tukatia sahihi karatasi inayosema kwamba mtu akivunjika ni shauri lake, tukaondoka. Kiongozi wetu alikuwa mtu wa makamo mwenye adabu nyingi. Kwa muda wa saa nzima hakusema neno, wala hakuweza kusema, kwa sababu injini saba zilikuwa zikinguruma na kila mmoja wetu amezibwa masikio na helmeti. Lugha yake ilikuwa mikono: ngumi juu, maana yake simameni, kiganja chini, maana yake punguzeni mwendo. Mimi nilikuwa wa mwisho katika mstari, na cha nchi ile nilichokiona vizuri ni mgongo wa mwalimu wa hesabu na vumbi lake. Tulipofika juu injini zikazimwa, na hapo ndipo nilipopata ajabu. Yule kiongozi alikuwa bahari ya elimu! Alitazama mti mmoja akaanza kutueleza gome lake linavyochemshwa, na nani walilitumia, na kwa nini miti ya namna hiyo imebaki upande ule tu wa mlima. Hakufika katikati ya maelezo yake. Alitupia jicho saa ya mkononi, akasema muda tuliolipia unakwisha, akavaa helmeti yake.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mtu yule alijulikana kwa cheo cha kiongozi, na sisi tulimlipa kwa sababu hiyo. Lakini mtambo ulikuwa umemnyang'anya kinywa. Kuongoza mgeni si kumtangulia njiani tu. Lau ingekuwa hivyo, mbuzi mzee wa zizi naye ni kiongozi. Kuongoza ni kumwambia mgeni: simama hapa, tazama kule, kilichotokea ni hiki. Katika Kenya kipo chama kinachowatahini waongoza watalii kwa daraja tatu, za shaba, fedha na dhahabu, na mtahiniwa huulizwa habari za ndege, wanyama, mimea na historia. Elimu hiyo yote itamfaa nini mtu ambaye kazi yake ni kuinua ngumi?

Sasa tutazame nchi yenyewe. Mlima Homa una kimo cha mita 1,751 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Viktoria uko karibu mita 1,134. Kwa hiyo mlima unasimama juu ya ziwa kwa mita 600 na zaidi kidogo. Si mrefu. Kijana mwenye afya aliyeanza alfajiri atakuwa juu kabla jua halijawa kali. Asili yake ni volkeno iliyokufa zamani, na maji ya mvua yamekuwa yakichimba miteremko ya rasi yake kwa karne nyingi, yakifunua matabaka ya kale. Humo ndimo ilimo hazina ambayo wengi wenu hupita juu yake mkienda kuchota maji.

Mwaka 1932 Louis Leakey aliokota mabaki ya binadamu wa kale huko Kanam na Kanjera, katika rasi hiyo hiyo ya Homa. Alitangaza kwamba ni ya kale sana, na jina lake likavuma Uingereza. Wataalamu wengine wakatia shaka. Mwaka 1935 akaja Profesa Percy Boswell kutoka London ili aonyeshwe mahali hasa yalipotoka mabaki yale. Leakey hakuweza kumwonyesha. Alikuwa amepigilia vigingi vya chuma kuwa alama, navyo havikuonekana. Inasemekana wavuvi walivichukua wakavitumia kwa kazi zao, na sioni kosa lao, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kilichowekewa alama ni nini. Picha nazo hazikumsaidia. Boswell akarudi akaandika kwamba ushahidi hautoshi, na sifa ya Leakey ikapata jeraha lililomchukua miaka mingi kupona.

Zingatieni sana kisa hiki. Mifupa ilikuwapo. Fuvu hazikupotea. Kilichopotea ni mahali. Katika elimu ya mambo ya kale, jiwe lililosogezwa kutoka tabaka lake ni kama ukurasa uliochanwa kutoka kitabuni ukatupwa sokoni: maneno bado unayasoma, lakini hujui yametoka sura gani. Na rasi ile haijamaliza kusema. Huko Kanjera Kusini zimechimbuliwa zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 2 hivi. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza habari za Nyayanga, kando ya ziwa, ambako zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 zilikutwa pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Hizo ni miongoni mwa zana za kale kuliko zote za aina yake zilizopata kuonekana duniani, nazo zilikuwa katika ardhi ambayo mmomonyoko ndio ulioifunua.

Haya, mleteni mtu na kwadi juu ya ardhi hiyo. Nyingi za pikipiki hizi, hasa zile za michezo, zina magurudumu ya nyuma yaliyofungwa katika mhimili mmoja, hivyo yote mawili huzunguka kwa kasi moja. Zikata kona, gurudumu moja halina budi kuteleza, na linapoteleza hukwangua udongo. Mgeni mmoja akikwangua si kitu. Lakini njia ya utalii hupitwa kila siku, tena na watu ambao raha yao ni kukwangua. Na mvua za masika zikishuka, mfereji mdogo wa gurudumu huwa njia ya maji, na njia ya maji huwa bonde. Mkulima wa chini ataletewa mawe shambani, na mtaalamu atakayekuja baadaye ataokota zana isiyojulikana ilitoka wapi. Safari hii hatutaweza kuwasingizia wavuvi.

Najua mtaniuliza: mbona bodaboda hupanda vilima hivyo kila siku nawe husemi? Swali zuri. Bodaboda humpeleka mama mjamzito zahanati, hupeleka gunia la mahindi sokoni, na humfikisha mwanafunzi shuleni. Nayo hufuata njia, kwa sababu dereva wake anataka kufika. Mwendesha kwadi hataki kufika popote. Ataondoka hotelini na atarudi hotelini, na akipewa njia nzuri ataona amedhulumiwa, kwa kuwa amelipa ili apite pasipo na njia. Wala siuchukii mtambo wenyewe. Wafugaji wa New Zealand huutumia kuchunga kondoo katika mashamba mapana, nao ni msaada mkubwa kwao. Nasema tu kwamba jembe la shambani si lazima liwe fimbo ya kuchezea sebuleni. Hatari yake pia haikuanza kujulikana leo: Marekani, mitambo iliyoutangulia, ile ya magurudumu matatu, iliua na kulemaza watu wengi, hasa watoto, hata mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali kuacha kuiuza.

Upande wa Migori hoja yangu ni fupi zaidi. Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yanayokadiriwa kuanza kujengwa katika karne ya 16, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, na hazina saruji wala udongo wa kushikilia; jiwe limekalia jiwe, na vijiwe vidogo vimejazwa katikati. Kuta zilizosimama kwa ustadi huo hazitaki kutikiswa. Na malango yake ni madogo, hivyo kila aingiaye hana budi kuinama, awe waziri au mchunga ng'ombe. Napenda sana lango lile. Katika bonde la Lambwe nako, Hifadhi ya Taifa ya Ruma, iliyopata daraja hiyo mwaka 1983, ndiyo makazi pekee yaliyosalia ya korongo katika Kenya, nao wamebaki wachache mno. Mnyama wa idadi hiyo hahitaji mbio zaidi ya alizokwisha kukimbia.

Nimebakiza hoja iliyo nzito kuliko zote, nayo ni ya yule kijana. Nilipomdokezea mawazo yangu alinijibu, "Mwalimu, kutembea hakuna pesa." Je, ni kweli? Jirani yetu Kilimanjaro, mlima mrefu kuliko yote Afrika, hupandwa kwa miguu na maelfu kwa maelfu ya wageni kila mwaka, na haipandwi bure. Kwa kuwa wanatembea, wanahitaji wapagazi, wapishi na waongozaji, na safari huchukua siku tano, sita au zaidi, na kila siku ina malipo yake. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilipotangaza mpango wa kujenga magari yaendayo juu ya nyaya mlimani humo, waliolia kwanza hawakuwa washairi wapenda upweke. Walikuwa wapagazi na waongozaji. Walijua hesabu: mgeni anayefika haraka huondoka haraka, na mtambo hauna watoto wa kusomesha.

Homa si Kilimanjaro, nakubali, na wapagazi wa Kilimanjaro nao wamekuwa na malalamiko yao juu ya ujira. Lakini irudieni ile karatasi ya hesabu. Mitambo inatoka ng'ambo, vipuri vinatoka ng'ambo, petroli inatoka ng'ambo, na riba inakwenda benki. Kinachobaki Homa ni vumbi na ujira wa kijana mmoja. Mgeni anayetembea atalala kwetu usiku mmoja, atakula samaki wa mvuvi wetu, na atapita Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay akasimuliwa habari za kijiji kilichozama kwa sababu kilimfukuza bibi kizee mgeni. (Bibi yule, kwa mujibu wa wasimulizi wote niliowasikia, alikuja kwa miguu.) Mtaji wa kazi hiyo ni kujua, nao haudai riba.

Liko jambo moja ambalo sikuweza kulijibu vizuri. Kijana aliniuliza, na mzee asiyeweza kupanda, na mlemavu, wao wasione ziwa kutoka juu? Hapo nilinyamaza. Nafikiri jibu ni barabara moja iliyotengenezwa vema, na gari la kawaida liendalo polepole na dereva anayesimulia. Lakini barabara hiyo haijatengenezwa, na mimi sina fedha za kuitengeneza.

Sahihi sijaitia. Nimemwambia kwamba nitamdhamini kwa mkopo mdogo zaidi, wa mahema, viatu vizuri na ada ya mitihani ya waongozaji, naye amesema atafikiri, kwa sauti ile ile niliyomjibu nayo mimi siku ya kwanza. Jumamosi ijayo tutapanda pamoja Got Asego, juu ya mji wa Homa Bay. Yeye atakuja na karatasi yake ya hesabu, na mimi nimekwisha kuanza kuandika yangu.