Hela ya filta moja? Nunua polaraiza

Wadau, ukipiga picha ufukweni Mbweni na hela inatosha filta moja tu, mimi nasema chukua polaraiza. UV kwenye kamera ya dijitali kazi yake kubwa ni kukinga lenzi na chumvi na mchanga, basi.

Polaraiza inakata mng'ao wa maji. Izungushe taratibu, utaona miamba na chupa za plastiki zilizolala chini. Kwa mwandishi wa habari huo ni ushahidi, si urembo, na hakuna programu ya kompyuta itakayorudisha kilichofichwa na mng'ao.

Asubuhi jua likiwa upande wa bahari, elekeza kamera kaskazini au kusini. Jioni ivue, maana inakula zaidi ya nusu ya mwanga.

Au nyie mnasemaje?